Mzizi Mweusi

Mbegu zake hugongana ndani ya vibweta vikavu
kama njuga miguuni mwa mchezaji aliyechoka.
Oktoba nazikung'utia katika bahasha ya bili ya umeme,
napanda mlima upande usiopendwa na jua,
nachakura majani ya mialoni hadi niione mboji,
nyeusi, baridi, yenye harufu ya ghala la marehemu mama.
Nafukia kina cha ukucha.
Kisha nasubiri.

Si subira ya maharagwe hii.
Baridi ya kwanza hupita, theluji huja na kuyeyuka,
kila kitu mlimani kinatoa kichwa,
zenyewe kimya.
Baridi ya pili ndipo zinapoamini.
Delbert huniuliza akiwa ameegemea ua wake:
"Vernella, bado unamwagilia udongo mtupu?"
Bado.

Baba yangu, Orval Stiltner, aliujua mmea huu kwa bei.
Mwaka mgodi wa makaa ulipofungwa
alishika sururu na gunia la viazi
akaupekua mteremko huu wote,
akang'oa hadi vichipukizi vilivyolala.
Mnunuzi alikuja Ijumaa na mizani garini,
ratili kwa ratili,
na Jumatatu nikaenda shule na viatu vipya
vya kahawia, vyenye bizimu za shaba.
Vilinibana. Sikusema.
Kiangazi kilichofuata mlima haukuwasha mshumaa hata mmoja.

Maana ndivyo mama alivyouita: mshumaa wa kivulini.
Julai shina hurefuka kumpita mtu,
maua yanapanda kileleni, meupe, nyuzi tupu,
na harufu yake, niseme kweli,
si ya kumpelekea bibi harusi.
Nyuki wanene hawajali.
Wanaanguka humo na kutoka na chavua mapajani, wamelewa.

Na yuko mwingine, wa samawati iliyopauka,
kipepeo asiyezidi kidole gumba cha mtoto.
Mpe waridi, mpe bustani nzima ya mjini: atapita.
Mayai yake ni ya vitumba hivi tu.
Kiwavi akishaangua, sisimizi humzunguka kama askari wa zamu,
wakimbishabisha mgongoni hadi atoe tone la utamu,
ndio mshahara wao.
Nyigu akija, wanamkabili.
Nilipanda miaka kumi na mmoja kabla ya kumwona mmoja.
Nilikaa chini, mvua ikinyesha, nisiweze kuinuka.

Juzi nikasikia chuma kikigonga jiwe.
Kijana, miaka kumi na tisa labda, wa kina Ratliff,
gunia limeshafika nusu.
"Bei imepanda," alisema, kama anayeomba radhi.
Maneno nilikuwa nayo, nimeyanoa miaka mingi.
Kisha nikaona viatu vyake:
soli imefungwa kwa waya.

Nikamwita aje. Nikainamisha mshumaa.
Tulihesabu sisimizi saba, na kiwavi mmoja
wa rangi ileile ya kitumba alichokuwa akila.
Kijana alibana pumzi
asije akawapeperusha.

"Gunia hilo ratili ngapi?"
Akakisia. Sikubishana.
Nilishuka nyumbani, nikatoa pesa za umeme
kutoka kwenye chupa ya kahawa, nikamlipa
bei ya mnunuzi na kidogo juu yake,
na mchana kutwa tukairudisha mizizi mashimoni mwake,
jicho likitazama juu,
yeye akishindilia udongo kwa kisigino chenye waya.

Huenda atarudi usiku kuichimba tena. Sijui.
Delbert amesema nimenunua udongo wangu mwenyewe.
Ni kweli.
Na si wote niliomaliza kuulipia.